Maua yanapukutika, miche inanyauka ikiwa kijani: nipande nyanya ya aina gani?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Naishi Kigamboni, nina kieneo nyuma ya nyumba, hatua kama sita kwa nne, na ndoo kuukuu za rangi zimejaa stoo. Desemba nilikamua mbegu kwenye nyanya za sokoni nikapanda. Miche ilipendeza, ikachanua, maua yote yakapukutika. Machi nikanunua pakiti dukani, Cal-J. Hizo zilianza kuzaa, kisha mche mmoja ukanyauka, kesho yake wa pili, majani yakiwa bado kijani kibichi. Kati ya miche kumi na minne nimebaki na mitatu. Jirani anasema kosa langu ni mbegu za bei rahisi, ninunue F1, zile mbegu chotara (mahuluti). Cha ajabu, nyuma ya karo kuna mnyanya umejiotea wenyewe, una vinyanya kama zabibu, umezaa kipindi chote cha joto. Niung'oe? Na nipande aina gani? Ni za kula nyumbani, tuko watu sita. (Mama Wawili, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa hiyo miche kumi na mmoja. Kwenye hicho kieneo usipande nyanya ya aina yoyote kwa sasa, iwe ya bei rahisi au ya bei ghali. Toa ndoo stoo. Mwisho wa Mei, masika yakiisha, panda humo Tengeru 97 au Tanya kwa ajili ya mchuzi, na ukipenda, miche miwili mitatu ya Money Maker, nyanya ya kachumbari inayopanda kamba. Joto likirudi, Novemba hivi, baki na vinyanya vidogo tu. Na huo mnyanya wa nyuma ya karo usiuguse, nitaurudia.

Hilo ndilo jibu. Yanayofuata ni sababu zake, maana siku utakayokwenda dukani huenda ukakuta pakiti nisiyoitaja hapa, na muuzaji atakuwa na maneno matamu.

Nianze na Desemba. Nyanya hujichavusha yenyewe, haihitaji dume na jike. Ua moja lina kila kitu, upepo au nyuki akilitikisa kidogo, chavua inadondoka, tunda linashika. Lakini chavua hiyo ni laini sana kwa joto. Mchana ukipita nyuzi joto 32 hivi, na hasa usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 au 22, chavua hufa au hushindwa kudondoka, na ua lisiloshika tunda mmea hulitupa. Sasa fikiria usiku wa Dar es Salaam mwezi wa Januari, mnalala na feni na bado shuka linalowa. Mara nyingi usiku huo haushuki chini ya nyuzi 24. Mnyanya nao uko nje unaona hali hiyo hiyo. Kwa hiyo hukuikosea mbolea wala maji. Ulipanda nyanya ya kawaida katika miezi ambayo nyanya ya kawaida haizai pwani. Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 19, ukapanda mbegu ile ile ungevuna.

Ndiyo maana kwa mtu wa pwani swali la msimu linatangulia swali la aina. Sia mbegu mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, kitalu kikae barazani ambako mvua haikipigi. Baada ya wiki tatu hadi nne miche ina majani manne matano, ihamishe mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Aina fupi huanza kuvunwa siku 60 hadi 75 baada ya kuhamishwa, kwa hiyo Agosti unakula. Sia tena katikati ya Juni, na mara ya mwisho mwanzo wa Agosti. Baada ya hapo unakimbizana na joto.

Machi ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo nataka ukae chini unisome polepole, kwa sababu ushauri wa jirani ungekugharimu hela bila kukuponya.

Mche unaonyauka ghafla ukiwa kijani, bila kuanza na manjano, mchana unalala, jioni unajaribu kuinuka, siku ya tatu hauinuki tena, na jirani yake anafuata, mara nyingi huo ni mnyauko bakteria. Bado una miche mitatu. Ukianza kunyauka mmoja, fanya hivi. Ukate shina karibu na udongo, chukua kipande cha urefu wa kidole. Chukua glasi safi, tia maji safi, kishike kipande kwa juu, ncha ya chini iguse maji, utulie. Usikoroge, usitikise. Ndani ya dakika tano, kama ni bakteria, utaona uzi mweupe unateremka kutoka kwenye mkato, mwembamba kama moshi wa udi, ila huu unakwenda chini. Yale ni mamilioni ya vijidudu vinatoka kwenye mishipa ya mmea. Mara ya kwanza mtu kuuona hukaa kimya. Nimewaonyesha wakulima wa miaka ishirini waliokuwa wakilaumu mbegu, dawa, hata macho ya watu.

Usipouona huo uzi, pasua shina kwa urefu. Ukikuta mstari wa kahawia ndani, na majani yalianza kuwa manjano upande mmoja wa mche, hapo ni mnyauko fusari, ambao ni ukungu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye kuchagua mbegu. Fusari ina aina nyingi zinazoihimili, Tengeru 97 ikiwamo, na Roma VF (hiyo F kwenye jina ndiyo fusari yenyewe). Mnyauko bakteria ni mkaidi zaidi. Aina zenye kinga zipo, lakini ni chache, na kinga hiyo hulegea udongo unapokuwa wa moto na unyevu, yaani hali ya Kigamboni wakati wa masika.

Na Cal-J uliyopanda? Si mbegu mbaya. Ni fupi, inazaa kwa wingi kwa pamoja, ina nyama ya mchuzi. Haina tu kinga dhidi ya huu ugonjwa, na F1 nyingi za bei kali nazo hazina. Ukinunua pakiti ya F1 bila kuangalia inahimili nini, umenunua kufa kwa gharama.

Bakteria huyu hukaa kwenye udongo miaka. Kwa hiyo hicho kieneo kipumzishe na ukoo mzima wa nyanya: biringanya, pilipili, hoho, ngogwe, viazi mviringo. Panda mahindi, vitunguu, sukuma wiki. Na ndulele ikiota pembeni, ing'oe, nayo ni ndugu yao na huwahifadhia ugonjwa.

Wapo wanaobebesha nyanya juu ya shina la biringanya, kama tunavyobebesha michungwa. Kituo cha Dunia cha Mboga, wale wenye tawi Arusha, kinapendekeza biringanya maalumu kwa kazi hiyo, kama EG203, kwa sababu mizizi yake inamshinda bakteria huyu. Kwa mtu wa ndoo kumi naona ni kazi kubwa kuliko faida, ila ukikuta kitalu kinauza miche iliyobebeshwa, nunua hata miwili ujaribu.

Turudi kwenye ndoo. Hapa nina kosa langu mwenyewe la kukuambia. Miaka kadhaa nyuma nilipata mnyauko nyumbani kwangu, nikajiona mjanja, nikapanda kwenye ndoo zenye udongo mpya, nikazipanga juu ya tuta lile lile lililoua. Miche ikakua vizuri ajabu. Ilipoanza kuiva, ikalala. Nilipoinua ndoo nikakuta mizizi imetoka kwenye matundu ya chini, imezama kwenye udongo mgonjwa. Kwa hiyo ndoo zako ziweke juu ya matofali au sakafu ya saruji. Udongo utoke mahali pasipolimwa ukoo wa nyanya, sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya pumba za mpunga. Ukiwa na wasiwasi na udongo, uloweshe, uutie kwenye pipa juu ya moto, ufunike, utoke mvuke nusu saa. Jembe au mwiko uliotumia kule nyuma usiulete kwenye ndoo kabla ya kuuosha kwa jiki.

Ndoo ya lita 20, mche mmoja. Najua utatamani miwili. Mmoja.

Sasa ndiyo tuje kwenye aina, na hapa chaguo la kwanza ni fupi au ndefu. Nyanya fupi hufika kimo fulani, tawi linaishia na kichala cha maua, inazaa mfululizo kwa mwezi au wiki sita, inachoka. Tanya, Cal-J, Roma VF, Rio Grande ni za kundi hili. Nyanya ndefu haina mwisho, inapanda kamba, kila baada ya majani matatu inatoa kichala, na isipokufa kwa ugonjwa itaendelea miezi. Money Maker ni ndefu, Anna F1 inayopendwa Kenya kwenye mabanda ya nailoni ni ndefu. Ndefu inadai mti wa kushikia na kung'oa vichipukizi vya kwapani kila wiki. Usipong'oa inakuwa pori.

Wengi watakuambia ndefu ndiyo ya nyumbani kwa sababu inatoa kidogo kidogo kila siku. Kwa nyanda za juu nakubali. Kwa Kigamboni sikubali, kwa sababu msimu wako wa baridi ni mfupi. Ndefu inaanza kuvunwa siku 75 hadi 90, inafika kilele chake, joto hilo limerudi. Wewe panda fupi kwa awamu. Sia miche minane, baada ya wiki sita saba sia minane mingine. Mche mmoja wa aina fupi kwenye ndoo iliyotunzwa, kwa uzoefu wangu, hutoa kilo mbili, ukibahatika zaidi. Minane kwa mara ni kilo kumi na sita katika wiki kama tano, familia ya watu sita mtakula mchuzi bila kununua fungu, na hazitawaozea.

Kwa nini Tengeru 97 na Tanya? Zote mbili zilitoka mwaka 1997 kwenye utafiti uliofanyika Tengeru, Arusha, kwa hiyo zimechaguliwa kwa mazingira yetu. Si mahuluti, unaweza kujitunzia mbegu. Tengeru 97 inahimili fusari na minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi iwe na vinundu kama shanga. Ila ujue, kinga ya minyoo fundo kwenye nyanya huanza kushindwa udongo ukipita nyuzi 28, kwa hiyo ndoo nyeusi inayopigwa na jua la saa nane ivalishe gunia.

Ngozi ngumu je? Aina nyingi unazosifiwa dukani zinasifiwa kwa jambo lisilokuhusu. Nyanya inayotoka Ilula, Iringa, kwenda Ilala, Dar, inasafiri zaidi ya kilomita 400 ndani ya tenga, za chini zimebeba za juu, barabara ina matuta. Mkulima yule anahitaji ngozi kama ya mpira, la sivyo nusu ya mzigo inafika masalo. Wewe kutoka ndoo hadi sufuria ni hatua kumi. Unaweza kuruhusu nyanya laini, yenye maji, yenye ladha. Ndiyo sababu nikasema weka miche miwili mitatu ya Money Maker. Ni ya zamani, haina kinga ya maana, ngozi yake ni nyepesi, sokoni inadharauliwa. Ila ikate duara, tia chumvi, ndimu na kitunguu, kisha uniambie. Lakini usiifanye ndiyo tegemeo, maana mvua ikiishika karibu na kuiva inapasuka, jambo ambalo Tanya yenye ngozi nene hulivumilia.

Kitu kimoja kuhusu nyanya zenye umbo la yai ukizipanda kwenye ndoo: kuoza kitako. Utaona doa jeusi, kavu, chini ya tunda. Si ugonjwa, usinunue dawa. Ni chokaa ya mmea kushindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa mafuriko na ukame, leo umemwagia ndoo nzima, kesho kutwa umesahau. Roma na Cal-J ndizo huonewa zaidi. Mwagia kidogo asubuhi na kidogo jioni, funika udongo kwa majani makavu.

Jirani yako sasa, nisimwonee. F1 ina kazi yake, na kazi yake kubwa kwetu ni rasta. Ukiona majani ya juu yamejikunja kama kikombe, madogo, kingo za manjano, mche umedumaa, hicho ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe, na mche ukishaupata haurudi. Kwenye mtaa wenye inzi weupe wengi, Tengeru 97 na Money Maker hazitafua dafu. Hapo nunua F1 yenye alama ya TY, kama Assila, ambayo ni fupi. Hujaniambia kama uliona rasta, ndiyo maana sijaiweka mbele. Pakiti za F1 huwa na mbegu nyingi kuliko ndoo zako, kwa hiyo changeni wawili watatu, au nenda kwenye kitalu kinachouza miche ya trei ununue minane. Uliza jina la aina. Akisema "ni F1 tu", ondoka.

Hizo herufi kwenye pakiti zinasomeka hivi: F ni fusari, N ni minyoo fundo, TY ni rasta, T au ToMV ni batobato (kirusi cha mabaka kwenye majani), Ph ni baka jani chelewa. V ni ukungu mwingine wa mnyauko, wa maeneo ya baridi. Kigamboni usiulipie hata senti. Wenzetu wa Njombe, Lushoto au Limuru wanaosoma hapa, kwenu Ph ndiyo ya kwanza kutafuta, maana ukungu wa asubuhi na manyunyu ndivyo baka jani inavyovipenda. Rasta haiwasumbui kama inavyotusumbua huku. Kagua pia lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na tarehe ya mwisho.

Herufi ya kanitangaze haipo. Huyo nondo aliyeingia nchini 2014 na kuchimba majani hadi yakawa kama karatasi iliyoungua, hakuna aina dukani inayomshinda. Atakayekuambia ipo anakuuzia jina. Kwa ndoo kumi una vidole: jani lenye mchirizi mweupe uliovimba, lichume, litie kwenye mfuko, lifunge, liache juani. Usilitupe jalalani.

Kuhusu mbegu za sokoni ulizokamua, mengi ya matunda yale siku hizi ni F1, na watoto wa F1 hawafanani na mama yao wala hawafanani wao kwa wao. Mmoja atakuwa mrefu, mmoja mfupi, kinga imepotea njiani. Na baadhi ya magonjwa husafiri ndani ya mbegu. Ukitaka kujitunzia mbegu, chukua kwenye Tengeru au Tanya yako, kwenye mche uliokuwa mzima hadi mwisho.

Haya, mnyanya wa karo. Vinyanya vidogo kama zabibu vina damu ya porini zaidi kuliko hizi kubwa, na vingi vyao hushika matunda kwenye joto ambalo kubwa zinashindwa. Usiku wa nyuzi 24 umeuona, umezaa. Hilo ni jaribio ambalo hakuna duka litakalokufanyia, tena la bure. Kuhusu mnyauko usiusifu bado, huenda udongo wa nyuma ya karo haujaambukizwa tu. Tutajua ukihamia kwingine.

Chukua matunda kumi yaliyoiva sana, yakamulie kwenye kikombe, acha siku mbili hadi tatu yachachuke, utando mweupe ukae juu. Harufu itakuwa mbaya, waambie watoto. Osha kwa maji mengi, mbegu nzuri zitazama, zianike kivulini kwenye sahani, si kwenye karatasi maana zitagandana. Sia Septemba, uwe na ndoo nne za hivyo vinyanya kabla ya Novemba. Tatu ziweke juu ya matofali. Moja ijaze udongo wa kile kieneo kilichokuulia miche, uitenge mbali na nyingine, tuone kama utastahimili. Matokeo niandikie Januari, nitataka kujua.